Kabla ya Tangazo: Maswali na Majibu Kuhusu Tetesi za Upanuzi wa World of Warcraft

Upanuzi wa mchezo wa aina hii ni nini, na kwa nini mashabiki huanza kuukisia mapema kiasi hicho?

World of Warcraft ni mchezo wa njozi unaochezwa mtandaoni, ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth, kila mmoja akiwa na mhusika wake ambaye hubaki na mali yake, ngazi yake na historia yake hata mchezaji anapozima kompyuta. Kampuni ya Blizzard Entertainment ya California iliutoa mchezo huo Novemba 2004, na tangu hapo imekuwa ikiuendeleza kwa njia mbili: masasisho, ambayo ni nyongeza za kati zinazotolewa bila malipo ya ziada kwa kila anayelipa ada ya mwezi, na upanuzi, ambao ni toleo kubwa linalonunuliwa peke yake, linaloleta nchi mpya, linalopandisha ngazi ya juu kabisa ambayo mhusika anaweza kufikia, na ambalo mara nyingine huongeza jamii mpya za viumbe au fani mpya za wapiganaji huku likiisogeza mbele hadithi kuu. Upanuzi wa kwanza, The Burning Crusade, ulitoka Januari 2007 na kuipandisha ngazi hiyo kutoka 60 hadi 70. Wa kumi, The War Within, ulitoka Agosti 2024.

Makisio huanza mapema kwa sababu upanuzi humgusa mchezaji katika vitu alivyovihangaikia. Silaha na mavazi ambayo kikundi kizima kilipigana miezi mingi ili kuyapata hupoteza thamani ndani ya siku chache za ngazi mpya, fani aliyoizoea mtu inaweza kubadilishiwa kanuni zake, na hata nchi alizozipenda zinaweza kufumuliwa, kama ilivyotokea mwaka 2010 upanuzi wa Cataclysm ulipoyaunda upya mabara mawili ya mwanzo ya Azeroth. Juu ya hayo ipo hadithi yenyewe, ambayo imesimuliwa kwa zaidi ya miaka ishirini bila kufikia mwisho, na ambayo wasomaji wake wanaishi ndani yake. Shauku ya kujua kitakachofuata si jambo la kitoto. Ni ile ile ya msomaji wa riwaya inayotolewa sehemu kwa sehemu, ila huyu ameweka humo jasho lake pia.

Je, ipo kalenda ambayo mashabiki wanaweza kuitegemea?

Ipo, ingawa ni ya makadirio. Kati ya upanuzi mmoja na ule uliofuata, tangu 2007 hadi 2024, hakukupita chini ya miezi 21 wala zaidi ya miezi 27 hivi, kwa hiyo mtu anayedai kujua kwa siri kwamba toleo jipya litatoka baada ya miaka miwili hajui lolote ambalo wengine hawalijui. Tangazo rasmi hutangulia toleo kwa miezi kati ya saba na kumi na sita, na mara nyingi hutolewa kwenye BlizzCon, mkutano wa mashabiki ambao kampuni huuandaa mjini Anaheim, ingawa upanuzi wa Legion ulitangazwa mjini Cologne, Ujerumani, Agosti 2015, nao wa Dragonflight ukatangazwa kwa njia ya mtandao Aprili 2022. Msimu wa tetesi, kwa hiyo, ni wiki zile zinazotangulia mkutano, wakati ambapo kila mwenye kujua na kila asiyejua huandika kwa sauti moja.

Tetesi zenye msingi hutoka wapi kwanza?

Mara nyingi hutoka kwenye karatasi za sheria, mahali ambapo kampuni haiwezi kukwepa kusema ukweli. Alama ya biashara ni jina au nembo ambayo kampuni huisajili serikalini ili mwingine asiitumie kuuzia bidhaa za aina hiyo hiyo, na nchini Marekani maombi ya usajili huo huwekwa wazi kwa umma pamoja na maelezo ya bidhaa zinazokusudiwa. Shabiki mwenye subira anaweza kuyapekua kila juma, na wapo wanaofanya hivyo.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa mwaka 2011. Katikati ya mwaka huo, miezi michache kabla ya BlizzCon, ilibainika kwamba Blizzard ilikuwa imeomba kusajili jina Mists of Pandaria. Pandaren, viumbe wenye umbo la panda ambao jina hilo liliwahusu, walijulikana kwa wachezaji wa zamani kutokana na mzaha wa Aprili mosi mwaka 2002, kisha mmoja wao akaingizwa kama shujaa katika The Frozen Throne ya mwaka 2003, upanuzi wa mchezo wa awali wa Warcraft III, na kwa miaka mingi baadaye walihesabiwa kuwa kichekesho cha kupendwa tu. Mashabiki wengi, wakiwamo wazoefu, walihitimisha kwamba jina hilo lingekuwa la kitabu, la katuni au la vitu vya kuchezea watoto, kwa kuwa haikuwaingia akilini kwamba kampuni ingejenga bara zima juu ya mzaha. Walifika huko ingawa maombi yenyewe yalitaja programu za michezo ya kompyuta. Tarehe 21 Oktoba 2011 upanuzi wa jina hilo ukatangazwa jukwaani. Karatasi ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, na waliopotea walipotea kwa sababu walipima ushahidi kwa matarajio yao badala ya kuyapima matarajio kwa ushahidi.

Miaka miwili baadaye jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Wiki chache kabla ya BlizzCon ya Novemba 2013 jina Warlords of Draenor lilionekana kwenye maombi ya usajili, na safari hii wengi waliamini kwamba ni upanuzi, lakini swali likawa ni namna gani mchezo ungerudi Draenor, sayari ambayo katika hadithi ilikwisha kusambaratika na ambayo mabaki yake, yaitwayo Outland, wachezaji walikuwa wameyatembelea tangu 2007. Jibu lililotolewa, kwamba mbabe wa vita Garrosh Hellscream angetoroka na kuingia katika Draenor nyingine ya zamani isiyo ile iliyosambaratika, halikuwa ndani ya jina. Huu ndio mpaka wa ushahidi wa karatasi: jina huvuja, maana haivuji.

Inafaa kuongeza kwamba njia hii imepungua nguvu. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 kuhusu mali za viwandani humpa mwombaji wa alama ya biashara muda wa miezi sita wa kuomba katika nchi nyingine huku akihifadhi tarehe ya ombi lake la kwanza, na makampuni makubwa ya teknolojia yamezoea kuanzia katika nchi ndogo ambazo kumbukumbu zake hazipekuliwi kirahisi mtandaoni, kisha kuhamia Marekani wakati tangazo limekwisha kutolewa.

Uchimbaji wa data ni nini, na kwa nini unaaminika kuliko maneno ya mtu?

Mchezo wa mtandaoni hauishi wote kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha ulimwengu wa pamoja. Picha, sauti, ramani na maandishi yake hupakuliwa na kukaa katika kompyuta ya mchezaji, na kabla ya sasisho kutolewa kwa wote huwekwa kwanza kwenye seva ya majaribio ambako wachezaji hualikwa kutafuta kasoro. Uchimbaji wa data ni kazi ya kuyafungua mafaili hayo na kusoma yaliyomo hata kabla mchezo haujayaonyesha. Kwa kuwa faili limetoka kwa kampuni yenyewe, halina nia ya kumdanganya mtu, ila linaweza kuwa limeachwa humo kwa kusahaulika, au linaweza kuwa la wazo lililokwisha kutupwa.

Agosti 2009, siku chache kabla ya BlizzCon, wachimbaji walikuta kwenye mafaili ya majaribio vinyago vipya vya sherehe ya Hallow's End, sikukuu ya mwaka ambamo wahusika hujivika sura za jamii mbalimbali za mchezo. Vinyago vya zamani vilikuwa vya jamii zinazochezeka tu. Vipya vilikuwa vya jamii mbili, goblin na worgen, mbwa-mwitu mwenye umbo la mtu, na hoja iliyofuata ilikuwa fupi na imara: ikiwa kila kinyago ni cha jamii ambayo mchezaji anaweza kuichagua, basi jamii hizo mbili ziko njiani. Tarehe 21 Agosti Cataclysm ikatangazwa, na goblin na worgen wakiwamo. Pengine hakuna makisio mengine katika historia ya mchezo huu yaliyojengwa kwa nyenzo ndogo kiasi hicho na kusimama imara kiasi hicho, na uzuri wake ni kwamba hayakuhitaji mtu wa ndani wa kunong'ona. Yalihitaji kujua desturi ya mchezo na kuona pale ilipobadilika.

Kampuni nayo ilijifunza. Katika miaka iliyofuata ilianza kuyasimba baadhi ya mafaili, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo unaotumwa siku ya tukio lenyewe, hasa filamu fupi za hadithi na wahusika wakuu wa mwisho. Hata hivyo mianya haikuisha: Aprili 2022, muda mfupi kabla ya tangazo, jina Dragonflight lilionekana katika msimbo wa tovuti ya Blizzard yenyewe, nalo likawa sahihi.

Vipi kuhusu ushahidi ulio ndani ya hadithi? Je, una uzito wowote?

Una uzito mkubwa kuliko unavyopewa, na ndipo kazi bora ya mashabiki inapopatikana, kwa sababu anayesoma hadithi kwa makini hukisia maana, ambayo karatasi na mafaili hayaitoi.

Machi 2016 kilichapishwa kitabu cha kwanza cha mfululizo uitwao World of Warcraft Chronicle, ambamo mlikuwa na mchoro wa ulimwengu wote ukionyesha nguvu sita zilizopangwa jozi jozi zikikabiliana: Nuru na Kivuli, Uhai na Mauti, Mpangilio na Vurugu, huku Azeroth ikiwa katikati. Wasomaji wengi waliutazama kama pambo. Wachache waliuchukulia kama ramani ya kazi, wakasema kwamba kila nguvu itapata zamu yake, na ukiutazama mfululizo uliofuata ni vigumu kuwapinga: Legion ya mwaka huo huo ilimaliza vita na mashetani wa Vurugu, Shadowlands ya 2020 ikawapeleka wachezaji katika makazi ya Mauti, Dragonflight ya 2022 ikazungumzia Uhai na mazimwi waliopewa nguvu na walinzi wa Mpangilio, na The War Within ikafungua vita na Utupu, ambao ni jina jingine la upande wa Kivuli. Mchoro haukutaja tarehe wala jina la upanuzi hata mmoja, lakini ulitoa kitu cha thamani zaidi, nacho ni orodha ya maswali ambayo hadithi ilikuwa bado haijayajibu.

Mfano wa pili ni wa kisu. Katika Legion kila fani ilipewa silaha za kale zenye historia, na kuhani wa Kivuli alipewa Xal'atath, kisu chenye sauti ya kike iliyomnong'oneza mwenye kukishika mambo ya kutisha kuhusu mahali alipopita na viumbe aliokutana nao. Mchezaji wa kawaida aliichukulia sauti hiyo kama kionjo. Wako waliokaa na kuyaandika maneno yake yote, wakayapanga kwa mahali yaliposemwa, na wakadai kwamba anayeongea si kisu bali ni kiumbe aliyefungwa ndani yake mwenye mipango yake mwenyewe. Mwaka 2019, wakati wa upanuzi wa Battle for Azeroth, kiumbe huyo alifunguliwa, na mwaka 2024 akawa adui mkuu wa The War Within. Miaka minane ilipita kati ya mnong'ono wa kwanza na vita vyenyewe, na muda wote huo ushahidi ulikuwa mikononi mwa yeyote aliyejali kusikiliza.

Usomaji wa namna hiyo umewahi hata kuwapita waandishi. Mei 2006, ilipotangazwa kwamba draenei ndio wangekuwa jamii mpya ya upande wa Alliance, mmoja wa miungano miwili ya wachezaji, katika The Burning Crusade, mashabiki walionyesha kwamba historia yao mpya inapingana na kijitabu cha Warcraft III cha mwaka 2002, ambacho kilisema kwamba watu wa eredar, ambao draenei walitokana nao, ndio waliompotosha Sargeras, bwana wa mashetani, ilhali sasa ilisemwa kwamba Sargeras ndiye aliyewapotosha wao. Chris Metzen, mwandishi mkuu wa hadithi hiyo, alikiri hadharani kwamba alikuwa amekisahau alichokiandika mwenyewe. Kwenye BlizzCon ya mwaka 2010 shabiki mmoja kijana aliyevaa fulana nyekundu aliuliza kwa nini Falstad Wildhammer, kiongozi wa mbilikimo wa milimani, hayumo katika baraza jipya la mbilikimo, na walio jukwaani walidhani Falstad alikwisha kufa. Hakuwa amekufa. Blizzard ilimrudisha mahali pake, na pembeni yake ikamweka mbilikimo aliyevaa nyekundu ambaye kazi yake ni kuhakiki ukweli. Hiyo ni heshima ambayo msomaji huipata mara chache kutoka kwa mwandishi, na inastahili kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba makisio ya mashabiki ni kelele tupu.

Kuna orodha ya zamani ya mabara inayotajwa kila mara kama uvujaji mkubwa kuliko wote. Je, ilikuwa ya kweli?

Orodha hiyo ilianza kuzunguka katika miaka ya mwanzo ya mchezo, ikipanga nchi ambazo zingeongezwa pamoja na ngazi zake hadi kufikia 100, na ndani yake mna Draenor, Northrend, Kul Tiras, Gilneas, Pandaria, Argus na K'aresh. Ukiisoma leo inashtua: Northrend ilikuja 2008, Gilneas 2010, Pandaria 2012, Kul Tiras 2018, Argus ikafika kama sasisho la Legion mwaka 2017, na K'aresh ikafunguliwa katika sasisho la The War Within Agosti 2025.

Lakini orodha ikipimwa kwa kile inachodai hasa, yaani mpangilio na ngazi, inaanguka. Iliiweka Argus karibu na ngazi ya 100 kama kilele cha safari yote, ilhali ngazi ya 100 ilifikiwa mwaka 2014 huko Draenor, na safari haikuishia Argus. Majina kama Gilneas na Kul Tiras yalikuwamo tangu Warcraft II ya mwaka 1995, kwa hiyo kuyataja hakukuhitaji siri. Mengine yalikuwa ya ndani zaidi, na ndiyo yanayowafanya wengi waamini kwamba orodha ilitoka kwa mtu aliyeona karatasi za kazi za mwanzo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Karatasi ya mawazo ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa halisi kabisa na bado isiwe ahadi, kwa maana watunzi wa mchezo hutumia akiba yao ya majina kwa miongo, wakilichukua moja hapa na jingine pale kadiri hadithi inavyogeuka.

Je, uvujaji wa kweli unaweza kukosea?

Unaweza, na ushahidi upo. Novemba 2010 lilisambaa jedwali lililodaiwa kuvuja kutoka China likionyesha mpango wa bidhaa za Blizzard kwa miaka kadhaa. Jedwali liliuweka upanuzi wa nne wa World of Warcraft katika robo ya pili ya mwaka 2012 na wa tano katika robo ya mwisho ya 2013, likaiweka Diablo III mwishoni mwa 2011, na likautaja mchezo wa siri uitwao Titan kwa mwaka 2013. Upanuzi wa nne ulitoka Septemba 2012, wa tano Novemba 2014, Diablo III Mei 2012, na Titan haikutoka kamwe, kwani kampuni ilitangaza mwaka 2014 kwamba imeuacha. Mashabiki waliolichukua jedwali kama kalenda walijiona wamedanganywa, ilhali mpango wa kazi ni tamko la nia, na nia za kutengeneza michezo mikubwa hucheleweshwa na kufutwa kila mwaka.

Tetesi za uongo hutengenezwaje, na msomaji azitambueje?

Uongo mzuri hutengenezwa kwa vitu vya kweli. Mtungaji huchukua mambo matano ambayo kila shabiki makini anayatarajia, huyachanganya na mawili ya kushangaza, huongeza picha yenye ukungu ya nembo iliyopigwa kana kwamba ni kwa haraka, na kuiweka hadharani usiku wa kuamkia mkutano. Yale matano yakitimia, ambayo yangetimia hata hivyo, yeye huonekana mtabiri. Yakianguka yale mawili, husema mpango ulibadilishwa. Wengine huandika orodha kumi zinazopingana kwa majina tofauti, kisha huzifuta tisa zilizokosea na kuibakiza moja, na msomaji anayeiona hiyo moja hana njia ya kujua kwamba zilikuwapo nyingine isipokuwa kumbukumbu zilizohifadhiwa na watu wengine pamoja na tarehe zake.

Dalili iliyo bora kuliko nyingine zote ni gharama. Tetesi isiyomgharimu mtungaji wake chochote ikikosea, ile isemayo kwamba kutakuwa na nchi mpya, adui wa zamani na mabadiliko ya fani, haina thamani hata ikitimia. Tetesi inayosema jambo mahususi ambalo haliwezi kukisiwa kwa kuijua hadithi, nayo imeandikwa kwa tarehe inayothibitika, hiyo inastahili kusubiriwa kwa makini. Inafaa pia kutazama hatima ya matamanio ya kudumu: kwa miaka mingi tetesi ziliahidi upanuzi mzima wa Ndoto ya Zumaridi, ulimwengu wa asili wanamolala mazimwi wa kijani, na mwingine wa malkia Azshara chini ya bahari, lakini Azshara alikuja katika sasisho la Juni 2019 na Ndoto katika sasisho la Novemba 2023. Ahadi kubwa zaidi huwa ni za watu, na mchezo huzitimiza kwa kipimo chake.

Julai 2023 tatizo lilichukua sura ambayo haikuwapo zamani. Wachezaji waliokuwa wakijadiliana kwenye Reddit waligundua kwamba tovuti moja ya habari za michezo ilikuwa ikikusanya mazungumzo yao kwa mashine na kuyachapisha kama makala, bila binadamu kuyahakiki. Wakakubaliana kusherehekea ujio wa kitu kiitwacho Glorbo, ambacho hakikuwapo popote, na makala ikachapishwa ikieleza furaha ya wachezaji juu ya Glorbo. Lilikuwa jaribio la haki, na lilionyesha kwa uwazi kwamba tetesi inaweza sasa kuzaliwa, kukua na kunukuliwa bila mtu hata mmoja kuiamini.

Kampuni inachukuliaje makisio haya?

Inayapigania na kuyalisha kwa wakati mmoja. Katika mchezo shindani wa Final Fantasy XIV, mwongozaji wake Naoki Yoshida amejenga desturi ya kuvaa fulana zenye vidokezo kuhusu fani mpya kwenye mikutano ya mashabiki, na watu hukodolea macho kifua chake kabla ya kusikiliza anachosema. Blizzard ilichukua njia ya tofauti na, kwa maoni ya wengi wanaofuatilia fani hii, ya ujasiri zaidi: Novemba 2023 Metzen, aliyekuwa ameondoka mwaka 2016 na kurejea baadaye, alitangaza matoleo matatu ya upanuzi kwa pamoja chini ya jina la Worldsoul Saga, yaani The War Within, Midnight na The Last Titan.

Hatua hiyo iliyaondolea majina thamani yake kwa miaka mingi. Aliyeishi kwa kupekua maombi ya usajili alibaki bila kazi, na msomaji wa hadithi akapata kazi zaidi, kwa kuwa sasa majina yalijulikana na kilichofichwa kilikuwa ni namna yatakavyotimia. Novemba 2024 ilithibitishwa kwamba Midnight ingeleta nyumba za wachezaji, jambo lililoombwa tangu miaka ya mwanzo na ambalo ngome za Warlords of Draenor zililikaribia tu, na makisio yakahamia kwenye namna nyumba hizo zitakavyopatikana: kama zitakuwa za bahati nasibu, za fedha, au za kila mtu.

Ni mambo gani mashabiki wanayakisia sasa?

Kuhusu The Last Titan kilichotangazwa ni kwamba wachezaji watarudi Northrend na katika mji wa kale wa Ulduar, na kwamba titan, majitu yaliyoupanga ulimwengu, yatahusika. Hapo mchoro wa 2016 unarudi mezani, kwani upande wa Mpangilio ni miongoni mwa pande ambazo hazijawahi kusimama kama mshindani wa wazi, na hoja yenye nguvu zaidi miongoni mwa wasomaji ni kwamba titan walioheshimiwa kama waumbaji watadhihirika kuwa walifanya kazi yao kwa manufaa yao. Vidokezo vya hoja hiyo vimekusanywa kutoka kumbi za Ulduar za mwaka 2009 hadi vitabu vya mazimwi vya Dragonflight, na vimekwisha kuwa vingi mno kuitwa bahati.

Swali la pili ni la fani. Fani mpya kamili zimekuja mara nne: Death Knight mwaka 2008, Monk mwaka 2012, Demon Hunter mwaka 2016 na Evoker mwaka 2022. The War Within haikuleta yoyote, na Midnight ilimpa Demon Hunter tawi jipya badala ya kuunda fani nyingine, kwa hiyo wanaomngojea Tinker, fundi wa mitambo aliyewahi kuonekana kama shujaa katika Warcraft III, wanaona zamu imekaribia. Dai hilo lina uzuri wa kupimika: fani mpya huhitaji sauti, mienendo, ikoni na maandishi mengi mno kufichwa, na ikiwa ipo, itaonekana kwenye mafaili ya seva ya majaribio.